Nasinzia nikisali, je imani yangu imeisha?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mama ntilie, naamka saa kumi alfajiri kupika vitumbua na supu, narudi usiku nimechoka hoi. Nikipiga magoti kusali nasinzia, alafu nakosa amani kabisa, naona kama Mungu kanichoka. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Mbeya)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Fungua 1 Wafalme 19 usome stori ya nabii Eliya, yani huyu ndo katoka kushusha moto pale mlima Karmeli, malkia Yezebeli akamtishia kumuua akatimua mbio mpaka jangwani, akakaa chini ya mti wa mretemu akamwambia Mungu yatosha, bora nife tu. Akalala. Sasa angalia malaika alivyokuja, hakumkemea wala hakumwambia afunge, alimgusa akamwambia inuka ule, kuna mkate kwenye makaa na gudulia la maji, akala AKALALA TENA na malaika akarudi mara ya pili (we mpishi unaelewa hiyo). Ndo akapata nguvu ya kutembea siku 40 mpaka mlima Horebu, na huko Mungu hakuwa kwenye upepo, tetemeko wala moto, ikaja sauti ndogo ya utulivu.

Kwa hiyo we lala kwanza. Sali asubuhi ukiwa unakoroga unga, hata sentensi mbili, na Jumapili mchana wasomee watoto hiyo sura kidogokidogo, wataipenda ile ya mkate.