Jibu: Tuombe nini toleo lijalo ili dola kubwa isichoshe?
Salaam mkuu. Umeuliza tuombe nini kwenye toleo lijalo la Civilization, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola, ili usichoshe dola ikishatanuka. Kwanza angalia muda wako unaishia wapi: kwenye miji au kwenye majeshi? Kwangu ni majeshi. Tangu Civilization V ya 2010, kigae kimoja (kipande kimoja cha ramani) hubeba kikosi kimoja tu cha vita. Ukifika kwenye upenyo wa milimani, wapiga mishale wanaziba njia na wapanda farasi wanakwama nyuma. Civilization VII ya 2025 imeleta makamanda wanaobeba vikosi kadhaa kwa pamoja, na hilo naomba sana libaki. Ila ningedai zaidi ugavi: jeshi likienda mbali na miji yake bila chakula, lianze kupungua. Hapo ndipo barabara na bandari zitapiganiwa kweli.