Goti moja kuvimba kwa mgonjwa wa baridi yabisi
Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama goti la mama lililovimba ghafla ni baridi yabisi yake tu imeamka, maana hana homa. Kukosa homa kusikutulize. Dawa za kushusha kinga ya mwili anazopewa mgonjwa wa baridi yabisi, hasa prednisoloni, zinaweza kuificha homa hata kama ndani ya goti mna usaha.

Baridi yabisi ikiamka, kwa kawaida hushika viungo kadhaa, mara nyingi pande zote mbili. Kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma kupita vingine vyote, mimi nashuku bakteria kwanza. Mpeleke hospitali leo, usingoje kesho, kwa sababu bakteria huweza kuharibu gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa ya goti, ndani ya siku chache tu. Mwombe daktari avute maji ya goti kwa sindano yakapimwe. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi. Kabla maji hayo hayajapimwa, asichomwe steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe, jamii moja na prednisoloni) gotini.

Na prednisoloni asiiache ghafla kwa hofu, hilo nalo ni hatari. Beba dawa zake zote, madaktari wazione.