USICHOMEKE TREILA KABLA HUJAPIMA, NA NAMBA UNAYOTAFUTA NI VOLTI 120

Mkuu, kama hujachomeka, usichomeke! Nimesoma swali lako nikiwa kazini nimeshindwa kusubiri jioni.

Umeandika kwamba umenunua treila ya kulala iliyotumika, unaiegesha nyuma ya gereji ya binamu yako hapo Texas. Plagi yake ni ya ampea 30 yenye meno matatu, soketi ya drayeri (mashine ya kukausha nguo) hapo gereji nayo ni ya ampea 30 yenye matundu matatu, basi mmeagiza adapta ya kuziunganisha. Binamu amepima soketi, amepata volti 240, amesema umeme ni safi.

Hiyo 240 ndiyo iliyonifanya niandike. Maneno hayohayo niliambiwa mimi.

Sisi tuliokulia Tanzania na Kenya tumezoea kwamba umeme wa nyumbani ni 230 au 240. Ukipima soketi ya sebuleni ukakuta 235 unashukuru, maana siku hiyo haujashuka. Waya mmoja wa moto unaoleta umeme, mmoja nyutro wa kuurudisha, mmoja ethi wa usalama unaokwenda ardhini. Huku Marekani hauji hivyo. Transfoma ya kwenye nguzo inaleta nyumbani nyaya mbili za moto, pamoja na nyutro inayotoka katikati ya koili. Waya wowote wa moto ukiupima na nyutro unapata 120. Ukipima moto kwa moto ndipo inakuja 240. Kwa hiyo mita ikisoma 240 kati ya matundu mawili, ujue hapo hamna nyutro, yote mawili ni moto. Drayeri, jiko na hita ya maji vimeundwa kwa hilo. Treila ya ampea 30 inataka 120: moto mmoja, nyutro moja, ethi moja. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, hakuna cha zaidi.

Sasa sikiliza yaliyonipata, na mimi sikutumia hata adapta. Nilimwita fundi mwenye leseni, nikamlipa alichotaka, akafunga soketi mpya kabisa ya treila, ile yenye vitundu viwili vilivyoinama na tundu la duara la ethi. Kwa nje ilikuwa sahihi. Kwenye paneli, lile boksi la kugawia umeme wa nyumba, aliweka breka (kifaa kinachokata umeme ukizidi) ya swichi mbili zilizofungwa pamoja, akapeleka moto mmoja kwenye tundu la moto na moto wa pili kwenye tundu la nyutro! Aliona meno matatu na namba 30, akafikiria drayeri. Soketi aliyoishika mkononi imeandikwa volti 125 usoni, na hakusoma. Shemeji yangu, aliyewahi kufunga umeme kwenye nyumba za watu kule nyumbani, akaja na mita yake. Akapima, akakuta 240, akasema huu umeme mzuri, chomeka.

Nikachomeka. Taa zikawaka vizuri kabisa, na hapa ndipo watu wanapodanganyika. Taa za ndani ya treila ni za volti 12, zinakula betri. Zinaweza kuwaka huku kila kitu kingine kinaungua, kwa hiyo usizitumie kama kipimo. Haukupita muda ukasikika mlipuko chini ya kabati, kisha harufu ya plastiki inayoungua. Konveta, lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12 na kuchaji betri, lilikuwa limekwenda. Maikrowevu haikuwaka tena. Bodi ya saketi ya friji ikafa, na ya kiyoyozi cha juu ya paa pia. Kesho yake usiku zile taa zikaanza kufifia, maana betri haikuwa na kitu cha kuichaji. Nilipojumlisha gharama, zilikaribia bei niliyonunulia treila yenyewe.

Na hivyo ni vyombo tu. Aliyekuja kutengeneza alinionyesha kitu ambacho hadi leo kikinijia usiku silali. Breka za ndani ya treila hukata waya mmoja tu, ule wa moto. Mahali pa nyutro nilikuwa na moto wa pili, na huo hakuna breka iliyoukata. Ningezima breka zote, nikaingiza mkono kwenye soketi nikiamini pamepoa, ningeguswa na volti 120. Watoto wangu walikuwa wanacheza humo ndani!

Fundi nilipompigia alijibu kwamba treila yangu ni mbovu. Nilipomtumia picha ya breka yake akaacha kupokea simu. Nina hasira naye mpaka leo na sitaificha. Mtu anachukua pesa ya familia, anaacha 240 mahali palipoandikwa 125, halafu anasingizia chombo. Shemeji simchukii, alipima kwa alichokijua. Ila nawaomba mafundi wetu mliojifunzia nyumbani: ukifika huku, 240 isikufurahishe mpaka ujue imetoka wapi.

Turudi kwa adapta yako. Kwanza, huna njia ya kuona kwa macho ni waya upi wa drayeri umepelekwa wapi ndani ya ile plastiki. Pili, hata kama imechukua moto mmoja na nyutro, soketi ya drayeri ya matundu matatu ya nyumba za zamani haina ethi kabisa. Ni moto, moto na nyutro. Ndiyo maana tangu 1996 kanuni za umeme za huku zinataka laini mpya za drayeri ziwe na nyaya nne. Treila imekaa juu ya matairi ya mpira, haigusi ardhi. Waya ukichubuka na kugusa bodi la chuma la treila, na ethi haipo, breka haina sababu ya kukata. Bodi lote linakaa na moto likisubiri mtu. Unatoka kuoga, uko pekupeku kwenye majani mabichi, unashika kitasa cha mlango. Umeme unapita kwako kwenda ardhini.

Kwa hiyo pima mwenyewe kabla plagi haijaingia, hata kama aliyefunga ni profesa wa umeme. Weka mita kwenye AC, alama ya umeme wa ukutani. Kati ya vitundu viwili vilivyoinama vya soketi ya treila upate kama 120. Kisha kila kimoja na tundu la ethi: kimoja kisome kama 120, kingine kisome sifuri au karibu na sifuri. Vyote viwili vikisoma 120 kwa ethi, una nyaya mbili za moto, ondoka hapo. Vyote vikisoma sifuri au namba inayoyumbayumba, ethi haipo. Halafu fungua kimlango cha paneli uangalie breka: swichi moja, imeandikwa 30. Swichi mbili zilizofungwa pamoja ni 240, hata fundi akuapie.

Atakuja mtu hapa chini kusema treila yake inatumia nyaya mbili za moto na haijawahi kuungua. Hiyo ni ya ampea 50, plagi ina meno manne na paneli yake imegawanywa pande mbili za 120. Yako ina meno matatu. Usimsikilize.

Ukimwita fundi mwambie, tena kwa maandishi kwenye simu: soketi ya TT-30 (ndilo jina la ile ya treila ya ampea 30), volti 120, breka ya swichi moja ya ampea 30, waya wa shaba namba 10, na mnene zaidi kama ni mbali na paneli. Pia nunua kile kiboksi cha ulinzi kinachopima umeme chenyewe na kukata ukizidi au ukipungua. Usichukue kile cha bei rahisi kinachozuia radi tu, maana hakikati chochote.

Kwa sasa, kama lazima ulale humo, tumia soketi ya kawaida ya gereji ya 120 na waya mnene wa nje. Ipime vilevile kwanza, ethi iwepo. Itakuchajia betri na kuendesha friji, lakini kiyoyozi usiwashe, waya utachemka.

Uliuliza pia mambo ya sola na kiyoyozi cha kununua, nadhani na betri. Wenye ujuzi watakujibu. Mimi nataka picha mbili tu, ya breka na ya mita ikiwa kwenye soketi. Ziweke hapa kabla ya kuchomeka, nitakuwa macho mpaka saa sita usiku.