Jibu: Nungunungu na sungura wanaotafuna mitende ya mapambo
Umeuliza kama kupulizia maji ya pilipili kutatosha. Hakutoshi, mvua moja tu na yote imeoshwa. Zungushia kila mche wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5, kimo sentimita 90, ukae mbali kidogo na shina. Fukia sentimita 30 chini na ukunje ukingo uelekee nje, kwa sababu nungunungu huchimba palepale wavu unapoingia ardhini. Wavu mwembamba wa kuku humzuia sungura, lakini nungunungu anaupasua, kwa hiyo chagua waya mnene.

Kwa mitende iliyokwisha kuliwa, kagua moyo wa juu kwanza, yaani chipukizi la kileleni linalotoa majani mapya. Mtende wa shina moja ukiliwa moyo hautachipua tena, ung'oe tu. Majeraha ya shina hayafungi kama ya miti mingine, usiyapake rangi.