Usiiachie Kamera Iamue Sura ya Mtu

Wiki hii kijana mmoja wa Makambako ameniandikia: "Shikamoo dada. Nilipiga picha kipaimara cha mdogo wangu. Gauni jeupe limetoka la kijivu na nyuso zimekuwa giza. Kamera niliyouziwa ni mbovu?"

Marahaba mdogo wangu. Kamera yako ni nzima. Swali hili nimeulizwa na wengi tangu picha nilizopiga kwenye harusi moja ya Tukuyu zianze kuzunguka, kwa hiyo nakujibu hapa mbele ya wote.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kama kinaangalia shela, koti jeusi au ukungu wa Rungwe. Kinachukulia kwamba vyote vilivyomo kwenye fremu, ukivichanganya, ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso zinazama pamoja na gauni. Bwana harusi wa suti nyeusi akisimama mbele ya pazia jeusi, inauongeza hadi uso unaungua. Kwa hiyo weupe ukiwa mwingi, ongeza. Weusi ukiwa mwingi, punguza. Wanaoanza wengi hudhani ni kinyume. Kitufe chenye alama ya +/- kiko pale kwa kazi hiyo.

Mimi nilijifunzia kazi kwenye studio moja ya Mwanjelwa, hapa Mbeya. Bosi alikuwa na sheria moja tu: weka oto, mengine tutayamaliza kwenye kompyuta. Mteja akilalamika kwamba mama yake haonekani, anajibiwa, "Watu weusi picha inawakataa." Kisha uso wa yule mama unapaushwa mpaka wajukuu zake hawamtambui. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Waliambiwa watu waliolipa hela yao, mbele ya msichana mweusi aliyeshika kamera. Baadaye nilisoma kwamba Kodak ilikuwa ikipeleka kwenye maabara kadi za kusawazishia rangi, na kwa miaka mingi sura iliyokuwa kwenye kadi hizo ilikuwa ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yetu haikuwa na kosa lolote. Watu walipima kwa ngozi ya mwingine.

Nikaamua kujifunza kuusoma mwanga kabla sijainua kamera. Anza na jua la saa sita. ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga) 100, kasi ya shata 1/100 au 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi f/16; namba ya f ikishuka, tundu linapanuka. Picha itakaribia kuwa sahihi hata usipokitazama kipima mwanga. Baada ya hapo tazama kivuli chako chini. Kingo zake zikiwa kali, baki f/16. Zikilainika, f/11. Kivuli kikififia, f/8. Kikipotea kabisa, kama siku za masika Mbeya mbingu ikifunga, f/5.6. Mtu akiingia barazani kwenye kivuli, f/4. Kila hatua inaingiza mwanga mara mbili ya ile iliyotangulia, na hatua hiyo ndiyo tunayoiita stopu. Zoezi hili halina gharama na unaweza kulifanya ukisubiri daladala Mafiati.

Sasa harusi ya Tukuyu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai, kila kitu cheupe, na kamera ilitaka kutia giza kila fremu. Mama wa bibi harusi ni mweusi hasa, amevaa kitenge cha njano, amesimama karibu na shela la binti yake. Nilipima kiganja changu. Viganja vya watu havitofautiani sana, na huwa vinang'aa kuliko kijivu cha wastani kwa kama stopu moja. Kiweke kwenye mwanga uleule unaoangukia uso, pima, ongeza stopu moja, funga vipimo hivyo na upige. Ukipima uso mweusi wenyewe, fanya kinyume: punguza kama stopu moja, la sivyo kamera itaupausha. Nilipomwonyesha mama yule picha aliitazama sana, akasema, "Huyu ndiye mimi. Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Malipo ya siku ile yalikuwa mazuri, lakini neno lile nalithamini zaidi.

Ndugu zangu mnaoshika kamera Mbeya, Iringa na Njombe, acheni kuwapausha wazazi wetu. Picha ile ndiyo itakayowekwa juu ya jeneza na kutundikwa sebuleni. Na msikiamini kioo cha nyuma ya kamera kinachoonyesha picha: juani kinaonyesha giza, ukumbini usiku kinaonyesha mwanga usiokuwepo. Tazameni histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia. Ikijibana ukutani upande wa kulia, weupe umeungua na kompyuta hairudishi. Pigeni kwa faili ghafi la RAW, linavumilia zaidi.

Mdogo wangu wa Makambako, mwambie mdogo wako avae lile gauni tena. Msimamishe barazani, usimweke juani. Kwa kitufe kile cha +/-, piga fremu ya kwanza kwenye 0, ya pili +1, ya tatu +2, kisha zifungue kwenye kompyuta uzikuze. Angalia nyuzi na mikunjo ya kitambaa. Pale inapoanza kupotea umevuka. Rudi nyuma theluthi moja ya stopu, upige tena, kisha nitumie zote nizione.