Dawa ya majani, GMO na mlenda wa bibi: nawajibu wachache

Mvua yetu Dodoma ni msimu mmoja tu, ikikaribia Desemba kila mtu anakimbilia duka la pembejeo na maswali ya dawa za kuua magugu na mbegu za GMO nayo yanakuja kwa mafungu. Nimechukua machache maana mengi yanafanana. Mimi sio daktari wala bwana shamba, nalima zabibu na alizeti kidogo huku Mpunguzi, haya mambo nimeanza kuyasoma kwa hasira baada ya kunikuta, nitasimulia huko mbele.

Kaka, hizi mbegu chotara tunazonunua Kibaigwa si ndo GMO zenyewe? Mke wangu kagoma kusaga mahindi yake.

Mwambie shemeji asage tu. Chotara ni mahindi ya koo mbili tofauti yamekutanishwa shambani, chavua ya hili imepelekwa kwa lile, basi. GMO ni pale jeni inapotolewa kwa kiumbe kingine, mara nyingi bakteria, ikapandikizwa maabara. Na Tanzania mpaka sasa hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kulimwa kibiashara. Ile rangi ya pinki au nyekundu kwenye mbegu inayowatisha watu nayo sio GMO, mbegu imepakwa dawa ya wadudu na ukungu, kwahiyo iliyobaki kwenye pakiti ndo usiioshe ukasaga wala usiwamwagie kuku, hapo shemeji akigoma namuunga mkono asilimia mia.

Mkuu unatuficha, Makutupora si walipanda mahindi ya GMO?

Sifichi. Walipanda kweli, Oktoba 2016, kwenye kituo cha utafiti palepale panapofanyiwa kazi zabibu zetu, shamba dogo la majaribio lenye uzio na ulinzi. Yalikuwa mahindi ya mradi wa WEMA, yamewekewa jeni ya bakteria ili yavumilie ukame, na kwa sehemu kama Dodoma unaelewa kwanini walikuja hapa. Novemba 2018 serikali ikaagiza majaribio yasimame na masalia yateketezwe, Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati huo Prof. Adolf Mkenda akatangaza kusitisha utafiti huo. Ila watu wanachanganya kitu kimoja, yale mahindi hayakuwa ya kuvumilia dawa ya magugu, hiyo ni ishu nyingine kabisa na inaingia kwenye swali linalofuata.

Mdogo wangu alipuliza Roundup kwenye mahindi yaliyofika magotini, yakafa yote na majani yake. Aliuziwa mbegu feki?

Pole yake, ila mbegu haina kosa. Roundup ni dawa ya magugu inayoua chochote cha kijani, haina undugu na mahindi. Nadhani aliona video za Marekani au Brazil wanapuliza juu ya zao na zao linadunda, zile ndo GMO za kuvumilia dawa, walianza na soya mwaka 1996. Hata wao sasa hivi magugu yameizoea dawa hayafi, wanarudi kuchanganya dawa za zamani. Kwa mbegu zetu piga Roundup kabla hujapanda, majani yakiwa machanga, alafu panda bila kutifua, wazee wa Kigogo mbona walikuwa wanaberega (kupanda bila kulima) miaka yote bila dawa. Zao likishaota tafuta dawa inayochagua, na usome lebo kwanza, maana atrazini kwa mfano haidhuru mahindi ila kunde zilizo katikati ya mistari umezimaliza.

Shikamoo. Hii Roundup ni kweli inaleta kansa au ni vita vya biashara?

Marahaba. Vyote viwili vimo humo. Machi 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, liliiweka glaifoseti, ndo kiini cha Roundup, kundi la 2A, yaani inaelekea inasababisha saratani kwa binadamu. Novemba mwaka huohuo mamlaka ya chakula ya Ulaya ikasema haielekei, Marekani nao wakasema hivohivo, na 2023 Umoja wa Ulaya ukaongeza kibali miaka 10. Sasa mtu anauliza nani mwongo. IARC wanaangalia kama kitu kina uwezo wa kuleta saratani, hawaangalii wewe unakipata kiasi gani, ndo maana nyama nyekundu nayo ipo 2A hiyohiyo na Jumamosi mnada wa Msalato unajaa mpaka pa kukaa hakuna. Wale wengine wanaangalia kiasi. Kesi nazo zipo, mtunza viwanja vya shule kule California alishinda Agosti 2018, dola milioni 289, majaji wakaishusha mpaka milioni 20 na nusu, na 2020 Bayer waliomnunua Monsanto, mtengenezaji wa Roundup, wakakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 10 kumaliza kesi kibao. Nyaraka zilizotoka mahakamani zilionyesha watu wa Monsanto walikuwa na mkono kwenye maandishi ya kisayansi yaliyotoka kwa majina ya wengine, kwahiyo anayekwambia kampuni ni safi kabisa nae msikilize kwa sikio moja. Mimi ugali haunitishi, ananitisha yule kijana wa kibarua, bomba linavuja mgongoni, kavaa kandambili na singlendi, anapuliza heka tano kwa siku alafu anakula mhogo bila kunawa, huyo mtunza viwanja naye alikuwa ni mpulizaji.

Nimetumiwa picha za panya wana mauvimbe makubwa eti walilishwa mahindi ya GMO, ni za kweli?

Picha ni za kweli, utafiti wa Ufaransa wa 2012. Jarida lililouchapa liliuondoa 2013, ukachapwa tena kwingine 2014. Tatizo kila kundi lilikuwa na panya 10 tu wa kila jinsia, na wale ni aina ya panya ambao wakizeeka wanaota uvimbe hata ukiwalisha kawaida. Usiisambaze.

Jirani yangu Hombolo anapuliza dawa kwenye mtama, zabibu zangu majani yamejikunja kama feni. Ni ugonjwa?

Hapa ndo yaliponikuta mimi. Jirani alipiga 2,4-D, dawa nyingine ya magugu, kwenye mahindi yake saa saba mchana, upepo wa Dodoma unaujua, baada ya siku chache majani machanga ya zabibu yakatoka membamba, yamebanana mishipa, ncha zinajisokota. Nikadhani virusi, nikanunua dawa za ukungu, hela imeenda bure. Kumbe 2,4-D inaua mimea ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi, mahindi na mtama ni nyasi, zabibu, alizeti na pamba sio, na zabibu ni nyepesi kuumia kuliko karibu zao lolote, hata kidogo sana kinachopeperuka kinatosha. Ukikuta kwako ni hivo usipulize kitu juu yake, mwagilia, subiri. Na jirani mfuate kwa upole kabla ya msimu sio baada, muombe apulize asubuhi upepo ukiwa umetulia, nozo iwe chini. Wangu tulinuniana mwaka mzima. Alafu bomba la 2,4-D lisiguse zabibu hata ukilisuuza mara kumi, nunua la pili.

Dukani wananipimia dawa ya majani kwenye chupa ya maji ya kunywa, nafuu kuliko kununua lita. Kuna shida?

Ipo, na ni kubwa kuliko GMO yote tuliyoongea. Hujui ni dawa gani, na kama ni parakwati, dawa ya magugu yenye sumu kali, funda moja la mtoto linaweza kumuua, haina dawa ya kuigeuza, mapafu yanakufa taratibu kwa siku kadhaa mtu akiwa na akili zake timamu. Ulaya iliondolewa 2007. Changeni watatu mnunue lita yenye lebo. Mtu akimeza, hospitali hapohapo, msisubiri aone dalili, na chupa muibebe.

Bibi bado anachuma mlenda na mchicha pori kwenye shamba tulilopuliza juzi, anasema mbona bado mbichi.

Mzuieni leo. Glaifoseti haichomi papo hapo, jani linaweza kukaa wiki nzima linaonekana zuri kabisa na dawa imeshaingia mpaka mizizini. Kwenye lebo mlenda ni gugu, kwa bibi ni mboga ya kulia ugali wa uwele. Mwachieni mistari kadhaa upande unakotokea upepo, msiipulize kabisa, iwekeeni vijiti aione.