Bunge la kaunti haliwezi kurekebisha mswada uliotiwa saini na wananchi

Mleta mada anauliza kama mwakilishi wadi wao ataweza kutimiza alichoahidi barazani: kwamba mswada wa kubadilisha Katiba ya Kenya kwa saini za wananchi ukifika bunge la kaunti, atakiondoa kifungu wasichokitaka. Hataweza.

Nilikuwa karani wa kamati katika bunge moja la kaunti Mswada wa BBI (Building Bridges Initiative), wa kubadilisha Katiba kwa njia hiyo ya saini, ulipotufikia mapema 2021. Kwenye kikao cha maoni, mama mmoja aliyapinga maeneobunge 70 mapya kwa hoja nzito kabisa. Maneno yake yaliingia kwenye ripoti, ila mswada haukuguswa hata nukta. Watu walirudi makwao wakidhani wamebadilisha kitu, na walistahili kuelezwa ukweli kabla kikao hakijaanza.

Kifungu cha 257 kinalipa bunge la kaunti miezi mitatu ya kuidhinisha au kukataa, basi. Wapiga kura wasiopungua milioni moja wametia saini maandishi yale yale. Kaunti 47 zikiruhusiwa kuyachokora, tutapata miswada 47 ambayo hakuna mwananchi aliyeitia saini. Mahakama Kuu ilitamka wazi Mei 2021 kwamba mabunge ya kaunti na Bunge lenyewe hayana mamlaka ya kubadilisha yaliyomo. Yale maeneobunge 70 yaliangukia Mahakama ya Juu, Machi 2022, kwa kuwa umma haukushirikishwa.

Msichanganye na Kifungu cha 256, ambako mswada huanzia Bungeni na kuhitaji theluthi mbili ya wabunge wote katika kila Bunge. Huu wa saini unahitaji kuidhinishwa na mabunge ya kaunti 24, kisha zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya maseneta wote. Ukigusa muhula wa rais au muundo wa ugatuzi, lazima uende kura ya maoni.

Lakini kukataa si jambo dogo. Punguza Mizigo, mswada mwingine wa saini, ilivuka uhakiki wa saini wa IEBC (tume ya uchaguzi) mwaka 2019, ikafia kwenye mabunge ya kaunti.

Kwa hiyo mwulizeni mwakilishi wenu: kifungu hicho kikibaki kilivyo, atapiga kura gani? Na kama saini bado zinakusanywa, wafuateni waanzilishi wiki hii, kabla hawajaupeleka IEBC.